Mikeka Miwili, Jina Moja: Sakafu za Umeme Tuli Katika Karakana na Ofisi Zetu

Ifuatayo ni matini ya mada iliyowasilishwa na Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri katika kikao kazi cha wakuu wa idara na vitengo, mafundi wa vifaa tiba, wataalamu wa TEHAMA na wawakilishi wa vikundi vya vijana mafundi wa simu.







Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini mada ya sakafu na umeme imekabidhiwa mtu wa habari badala ya mhandisi. Jibu ni kwamba tatizo tunalolijadili leo huanzia kwenye lugha kabla ya kufika kwenye nyaya. Katika maombi ya manunuzi, katika maduka ya vifaa na katika mazungumzo ya mafundi, tumezoea kusema "mkeka wa kuzuia umeme". Maneno hayo manne yanataja vitu viwili vinavyofanya kazi kinyume kabisa. Kimoja hukatiza njia ya umeme usimfikie mtu. Kingine hufungua njia ili umeme utoke mwilini mwa mtu uende ardhini. Anayeagiza kimoja akapokea kingine hupoteza fedha za umma. Na anayesimama juu ya kimoja akidhani ni kingine anaweza kupoteza uhai.

Kwa hiyo ninaomba, katika kikao hiki na katika maandishi yetu baada ya kikao hiki, tutumie majina mawili. La kwanza liwe mkeka wa kukinga shoti. Huo ni mkeka wa mpira unaotandikwa mbele ya kabati kuu la umeme, mbele ya jenereta na mahali pote ambapo fundi hufanya kazi karibu na umeme mkubwa. Kiwango cha kimataifa kinachouhusu ni IEC 61111, na daraja lake la chini kabisa, daraja 0, limekusudiwa umeme wa hadi volti 1,000. La pili liwe vigae vya kuondoa umeme tuli, yaani vile vipande vya sakafu vinavyofungamana kwa meno, ambavyo hutandikwa katika vyumba vya kutengenezea kompyuta, simu, mashine za maabara na vifaa vingine vyenye chipu. Hivi ndivyo vilivyonileta mbele yenu.

Umeme tuli na hasara usiyoiona

Umeme tuli ni ule unaokusanyika juu ya vitu kwa kusuguana na kuachana. Mtu anayevua sweta la sufi usiku wa baridi katika nyanda za juu husikia mlio mdogo na pengine huona cheche gizani. Mtu aliyetembea juu ya zulia la nailoni akashika kitasa cha chuma hustuka. Kila hatua ya mguu juu ya sakafu ya plastiki huuachia mwili chembe za umeme, na iwapo soli ya kiatu na sakafu haviruhusu chembe hizo kutoka, mwili huzihifadhi kama mtungi unavyohifadhi maji.

Mwili wa binadamu hauhisi chochote mpaka umeme huo ukaribie volti 3,000. Wengi hushangaa kusikia kiasi hicho, kwa kuwa soketi ya ukutani ina volti 230 tu na inaua. Tofauti iko katika wingi wa umeme wenyewe: ule wa mwilini ni mchache mno, humalizika kwa cheche moja, ule wa soketi hauishi mpaka ukatwe. Hata hivyo, kichache hicho kisichomdhuru mtu ni kingi kwa chipu. Ndani ya chipu za kisasa mna nyuzi na tabaka nyembamba sana kuliko unywele, na nyingine huharibika kwa volti 100 au pungufu. Viwango viwili vinavyotumika zaidi duniani kulinda vifaa vya elektroniki, IEC 61340-5-1 cha kimataifa na ANSI/ESD S20.20 cha Marekani, vimejengwa juu ya hesabu hiyo ya volti 100.

Tazameni basi nafasi iliyopo kati ya volti 100 na volti 3,000. Katika nafasi hiyo yote fundi huua kifaa kwa kidole chake bila kuona cheche, bila kusikia mlio, bila kustuka. Na mara nyingi kifaa hakifi papo hapo. Hujeruhiwa, kikafanya kazi siku ile ya makabidhiano, kikarudi baada ya wiki kadhaa. Mteja humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza vipuri, na muuza vipuri humlaumu mtengenezaji. Katika Halmashauri, kifaa hicho chaweza kuwa mashine ya POS inayokusanyia ushuru mnadani, kompyuta ya mapokezi ya kituo cha afya, au mashine ya kupimia damu ambayo wagonjwa wa kata nzima wanaitegemea. Kwa kijana aliyechukua mkopo wa kikundi kutokana na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kifaa hicho ni rejesho la mwezi.

Hali ya hewa ina sehemu yake. Pwani, ambako hewa hubeba unyevu mwingi, umeme tuli hupungua wenyewe kwa sababu unyevu huacha utando mwembamba juu ya vitu, na utando huo hupitisha chembe. Katika ukanda wa kati, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa hukauka, vumbi hupanda na umeme tuli huongezeka. Katika takwimu zinazotajwa mara nyingi na wataalamu wa fani hii, mtu anayetembea juu ya zulia hupata volti zipatazo 1,500 hewa ikiwa na unyevu mwingi, na anaweza kufikia volti 35,000 hewa ikiwa kavu sana. Kwa hiyo chumba kilichofanya kazi vema wakati wa masika si lazima kiwe salama mwezi wa Septemba.

Sakafu za namna hii hazikuanza na kompyuta. Katika karne ya 20, wakati dawa za usingizi kama etha zilipotumika sana katika upasuaji, cheche moja ya umeme tuli iliweza kuwasha mvuke wa dawa na kulipua chumba chenye mgonjwa ndani yake. Ndiyo maana hospitali nyingi ziliwekewa sakafu zinazopitisha umeme, na wahudumu wakavaa viatu vya mpira maalumu. Dawa zisizoshika moto zilipochukua nafasi ya etha, ulazima huo ulipungua. Ila kanuni yake ilihamia kwenye viwanda vya elektroniki na ndiyo tunayoirithi.

Neno lililoandikwa juu ya boksi

Muuzaji atakuonyesha boksi lenye maneno yanayomaanisha "dhidi ya umeme tuli". Maneno hayo pekee hayatoshi. Kuna sakafu za ofisi zilizopewa sifa hiyo kwa sababu tu mtu anayetembea juu yake hapati zaidi ya volti 2,000. Zinafaa kwa starehe ya watumishi, kwani hakuna atakayestuka akishika kitasa. Kwa fundi wa madabodi hazifai hata kidogo, kwa kuwa volti 2,000 ni mara 20 ya kile anachokihitaji.

Pia kuna vile vipande vya povu vyenye rangi nyingi, vinavyofungamana kama fumbo la picha, vinavyouzwa kwa vyumba vya watoto na vya mazoezi. Kwa umbo vinafanana na vigae tunavyovizungumzia, na bei yake huvutia. Lakini povu lile huzalisha umeme tuli badala ya kuuondoa. Usione meno yanafungamana ukadhani kazi ni moja.

Kigae halisi cha kuondoa umeme tuli huwa kimechanganywa kaboni au nyuzi zinazopitisha umeme, kuanzia juu hadi chini. Kinachokitambulisha ni ukinzani wake, na ukinzani hupimwa kwa omu. Kwa karakana ambamo mna pia soketi na vifaa vilivyowashwa, tafuteni sakafu ambayo ukinzani wake hadi ardhini uko kati ya omu milioni 1 na omu bilioni 1. Ukizidi bilioni 1, chembe hazitoki kwa wakati. Ukishuka chini mno, sakafu inakaribia kuwa bamba la chuma, na mtu akigusa waya wenye umeme atapata njia rahisi ya kuupeleka ardhini kupitia mwilini mwake. Katika omu milioni 1, umeme wa volti 230 hauwezi kupitisha zaidi ya miliampea 0.23, kiasi ambacho kwa kawaida mtu hakihisi.

Hapa ninaomba nisisitize jambo moja kwa nguvu zangu zote. Hesabu hiyo isimfanye mtu yeyote aione sakafu hii kuwa kinga ya shoti. Maji yakimwagika juu yake, au utepe wa shaba ulio chini yake ukichomoza pembeni, ile omu milioni 1 haipo tena. Isitandikwe mbele ya kabati kuu la umeme. Isichukue nafasi ya mkeka wa mpira. Na mkeka wa mpira nao usipelekwe chumba cha TEHAMA, kwa maana mtu aliyesimama juu yake amezibiwa kila njia. Umeme tuli wake utatoka kwa mlango mmoja tu, nao ni ncha ya kidole kinachogusa chipu.

Namna ya kutandika

Anzeni kwa kuuliza: nani anasimama wapi? Sakafu hii humsaidia anayesimama na kutembea. Fundi anayeketi, miguu imeinuliwa juu ya kiti, haguswi nayo. Huyo anahitaji mkanda wa kifundo cha mkono uliounganishwa na ardhi. Kwa hiyo si lazima kutandika ofisi nzima. Eneo la mita 2 kwa 3 kuzunguka meza ya ufundi ni mita za mraba 6. Vigae vingi vya aina hii vina upande wa sentimita 50, yaani vinne hujaza mita moja ya mraba. Basi vinahitajika 24, na vitatu vya akiba. Chumba kizima cha mita 4 kwa 6 kitakula vigae 96 kabla ya akiba. Tofauti hiyo ni fedha.

Sakafu ya chini iwe ngumu, kavu, tambarare na safi. Mashimo ya saruji yazibwe, vichuguu visagwe. Zulia la zamani liondolewe. Vigae hivi havitandikwi juu ya zulia. Vigae vitolewe kwenye maboksi na kuachwa ndani ya chumba kwa siku nzima kabla ya kazi, kwa sababu plastiki hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Kigae kilichotandikwa asubuhi ya baridi hadi kikagusa ukuta kitavimba mchana na kuinuka katikati. Acheni nafasi ya kama milimita 5 hadi 10 kando ya ukuta, sketingi itaificha.

Pigeni mistari miwili kwa uzi wa chaki, ikutane katikati ya eneo. Kabla ya kigae cha kwanza, tandikeni utepe wa shaba kama mtengenezaji anavyoelekeza. Huo ndio moyo wa kazi yote. Utepe hupita chini ya vigae, huviunganisha, kisha ncha yake hutokeza pembeni na kufungwa kwenye waya unaokwenda kwenye ethi ya jengo. Kisha vigae vifungwe meno kwa nyundo ya mpira, kuanzia katikati kwenda kandoni. Nyundo ya chuma huvunja meno, na jino lililovunjika huacha ufa wa kukusanyia uchafu. Vya kandoni vikatwe kwa kisu kikali na rula ya chuma. Mlangoni wekeni kipande cha mteremko ili toroli na viti vya magurudumu vipite bila kukwama, na watu wasijikwae.

Sasa ethi. Soketi yenye matundu matatu haithibitishi kwamba ethi ipo. Inathibitisha tu kwamba tundu la tatu lipo. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ndiye apime na kuthibitisha ethi ya jengo, naye ndiye afunge waya wa sakafu mahali panapostahili. Sakafu isifungwe kwenye bomba la maji, kwa kuwa mabomba mengi ya leo ni ya plastiki. Isifungwe kwenye nondo za dirisha. Isifungwe kwenye waya wa kikinga radi, kwa maana radi ikipiga itaingia chumbani. Mahali ambapo waya uliokuja na vigae una rezista ndani yake, mara nyingi ya omu milioni 1, rezista hiyo isikatwe na kuungwa waya mtupu kwa kudhani kwamba umeimarishwa. Na soketi za chumba kizima zilindwe kwa swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30.

Mwisho ni viatu. Sakafu inaweza kuwa na vyeti vyote, fundi akavaa kandambili za plastiki, na kazi yote ikawa bure. Viatu maalumu vipo. Visipopatikana, ipo mikanda ya kisigino inayovaliwa juu ya kiatu cha kawaida, ulimi wake ukiingizwa ndani ya kiatu uguse soksi. Ivaliwe miguu yote miwili, kwa sababu anayetembea huinua mguu mmoja kila hatua.

Kupima ndiko kuamini

Ndugu Mwenyekiti, ukubwa wa sakafu hii hauonekani kwa macho. Iliyounganishwa na isiyounganishwa zinafanana. Sakafu isiyofika ardhini ni pambo la gharama kubwa, na njia pekee ya kujua ni kupima.

Kipimo sahihi hutumia kitako cha chuma chenye uzito wa takribani kilo 2.3 na kipenyo cha milimita 63.5, kikiwekwa juu ya kigae, na mita maalumu inayopima ukinzani kati ya kitako hicho na ethi. Sakafu yenye ukinzani mdogo hupimwa kwa volti 10. Inayofikia omu milioni 1 na zaidi hupimwa kwa volti 100. Multimita ya kawaida ya mafundi wetu haifai, kwa kuwa nyingi huishia kwenye omu milioni 20 au 40. Sakafu nzuri ya omu milioni 100 itaonekana kwenye multimita hiyo kana kwamba imekatika. Na ile mega ya volti 500 ya kupimia nyaya za nyumba nayo itatoa jibu lisilolingana na kiwango. Halmashauri moja haihitaji mita nyingi. Moja ikitunzwa na Kitengo cha TEHAMA inaweza kuzungukia karakana zote, vituo vya afya na vikundi.

Pimeni mahali pasipopungua patano: penye njia ya mlangoni, mbele ya meza, pembe ya mbali na utepe, na vigae viwili vya katikati. Andikeni tarehe, mahali, jibu na hali ya hewa ya siku hiyo katika daftari. Pimeni siku ya makabidhiano, baada ya kila ukarabati, na kila baada ya miezi mitatu au sita kadiri chumba kinavyotumika. Kipimo kimoja kati ya hivyo kifanywe kiangazi kikiwa kimekolea, kwa kuwa unyevu wa masika huificha sakafu mbovu.

Matunzo ya kila siku

Watunzaji wakuu wa sakafu hii ni watumishi wetu wa usafi, nao ndio mara nyingi hawaalikwi kwenye vikao kama hiki. Ninapendekeza waalikwe, kwa sababu anaweza kuiua sakafu mtu mwenye nia njema kabisa. Akipaka nta ing'ae, ameifunika kwa utando usiopitisha umeme. Uzuri umeongezeka na kazi imekufa. Polishi, mafuta ya taa, dawa za kung'arisha samani na sabuni zenye mafuta hufanya vivyo hivyo. Petroli na tina huila plastiki yenyewe.

Vumbi lifagiliwe kila siku, kwani vumbi kavu ni blanketi kati ya kiatu na kigae. Mara moja kwa wiki, au zaidi penye vumbi jingi, sakafu idekiwe kwa dekio lililokamuliwa vizuri na sabuni laini isiyoacha utando, au ile aliyoitaja mtengenezaji, kisha ipanguswe kwa maji safi. Maji yasimwagwe kwa ndoo, maana huingia kwenye maungio na kukutana na utepe wa shaba. Umeme wa vifaa vilivyoko sakafuni uzimwe kwanza, na fundi asirudi kazini mpaka sakafu ikauke.

Tabia nyingine ndogo zina uzito. Mazulia, maboksi na mifuko ya plastiki visitandikwe juu ya vigae. Viti vyenye magurudumu ya plastiki ngumu havimuunganishi mtu na sakafu. Makabati mazito yasiburutwe, yainuliwe. Kigae kilichoungua kwa risasi ya kulehemu au kuvunjika meno kitolewe peke yake na kipya kiwekwe, utepe ukiangaliwa usikatike, kisha papimwe upya. Hiyo ndiyo faida kubwa ya vigae vya kufungamana: ugonjwa wa kigae kimoja hauilazimishi sakafu nzima kung'olewa. Na kwa sababu havikugundishwa, siku ofisi ikihama vinaweza kuhama nayo.

Mapendekezo

Ninayo mapendekezo manne kwa kikao hiki.

La kwanza, maombi yote ya manunuzi yatakayoingizwa katika mfumo wa NeST yaache kutumia maneno "mkeka wa kuzuia umeme". Yaandike "mkeka wa kukinga shoti" na kutaja IEC 61111 pamoja na daraja, au yaandike "vigae vya kuondoa umeme tuli" na kutaja ukinzani unaotakiwa pamoja na kipimo cha IEC 61340-4-1. Utepe wa shaba, nyaya, vipande vya mteremko, vigae vya akiba na mikanda ya visigino viwe ndani ya ombi lile lile, kwa maana vikiachwa nyuma sakafu itakaa bila ethi ikisubiri bajeti ya mwaka ujao.

La pili, kamati ya ukaguzi na mapokezi isihesabu maboksi pekee. Malipo ya mwisho yafuate vipimo vilivyofanywa sakafu ikiwa imekwisha kutandikwa.

La tatu, kila chumba kitakachowekewa vigae hivi kibandikwe mlangoni maandishi yanayosomeka: "Sakafu hii haikingi shoti." Maneno hayo manne yana thamani kuliko kurasa za mwongozo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ailinde afya na usalama wa mfanyakazi wake, na kumweleza hatari iliyo chini ya miguu yake ni sehemu ya ulinzi huo. Wenzetu wa OSHA waombwe kutukagua na kutushauri.

La nne linawahusu vijana. Msikope kwa ajili ya sakafu kabla ya kununua vitu viwili: mkanda wa mkono na mkeka mdogo wa mezani, vyote vikiunganishwa na ethi iliyothibitishwa. Kwa fundi anayeketi kwenye kibanda cha mita 2 kwa 2, viwili hivyo ndivyo kinga ya kwanza. Sakafu ije kikundi kitakapokua, mkawa na karakana ambayo watu husimama na kupita na madabodi mikononi.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa ni wa neno. Tukiuziba leo kwa majina mawili yasiyochanganyika, fundi wa kituo cha afya atajua amesimama juu ya nini, mhasibu atajua amelipia nini, na mtumishi wa usafi atajua kwa nini asipake nta. Ninawaomba wakuu wa idara, kabla ya wiki hii kwisha, kila mmoja aingie katika karakana na vyumba vya kabati la umeme vilivyo chini yake, auinue ukingo wa mkeka uliopo, na aulize swali moja: huu ni upi kati ya ile miwili, na nani aliupima?